Riwaya za Kikorea zastahili kutufikia kwa Kiswahili

Tangu mwandishi Han Kang wa Korea Kusini atunukiwe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwezi Oktoba mwaka 2024, majina ya Kikorea yamekuwa yakisikika katika mazungumzo ya wasomaji wetu kuliko hapo awali. Wapo wanafunzi wa vyuo hapa Kisumu na Maseno ambao walianza kwa kutazama tamthilia za Kikorea kwenye simu zao, wakavutiwa na vyakula walivyoviona vikiandaliwa humo, na hatimaye wakaanza kutafuta vitabu. Wengine hununua kabichi, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu katika soko la Kibuye ili wajaribu kutengeneza kimchi vyumbani mwao. Baadhi ya walimu wenzangu huliona jambo hili kuwa mtindo wa kupita tu. Mimi naliona kuwa fursa nzuri ya kukuza usomaji, ila ina kasoro moja kubwa: vitabu hivyo vyote vinawafikia vijana wetu kupitia mlango wa Kiingereza.

Nia ya makala haya si kukilaumu Kiingereza, lugha ambayo imetupatia mengi na ambayo wengi wetu tunaitumia kutafuta riziki. Nia yake ni kueleza kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuipokea fasihi ya Kikorea moja kwa moja kutoka kwa Wakorea, na kwamba yapo mambo katika fasihi hiyo ambayo Kiswahili huyapokea kwa urahisi kuliko Kiingereza. Ushahidi wa dai hili haumo katika nadharia nzito za isimu. Umo jikoni.

Anayezisoma riwaya za Kikorea hawezi kulikwepa jiko. Tuchukue riwaya ya Han Kang inayojulikana kwa Kiingereza kama The Vegetarian, iliyochapishwa Korea mwaka 2007, ikatafsiriwa na Deborah Smith mwaka 2015 na kupata tuzo ya Man Booker International mwaka 2016. Mhusika wake mkuu, Yeong-hye, anaota ndoto ya kutisha kisha anaacha kula nyama. Jambo hilo dogo linaivuruga familia nzima. Katika karamu ya ukoo, baba mzazi anampiga binti yake kofi na kujaribu kumtia kipande cha nyama kinywani kwa nguvu. Msomaji wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa uzito wa tukio hilo. Anajua kwamba katika boma la Kijaluo kukikataa chakula ulichoandaliwa ni kuwakataa waliokiandaa, na anajua pia jinsi wazee wanavyoweza kuitumia sahani kama fimbo.

Mfano wa pili ni riwaya ya Shin Kyung-sook iliyotoka Korea mwaka 2008 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Chi-Young Kim mwaka 2011 kwa jina Please Look After Mom. Riwaya hiyo ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Man Asia ya mwaka 2011. Inamhusu mama wa shambani anayepotea katika kituo cha treni jijini Seoul, wakati mumewe anapopanda treni bila kutambua kwamba mkewe ameachwa nyuma. Watoto wanapomtafuta, kila kumbukumbu inawarudisha jikoni: mitungi ya vyakula vilivyotiwa chumvi, samaki waliokaushwa, vifurushi alivyowabebea hadi mjini. Ndipo binti mkubwa anapojiuliza jambo ambalo hakuwahi kulifikiria utotoni: je, mama yake aliwahi kuipenda kazi ya jikoni? Ni swali ambalo watoto wengi wa Asembo, wa Mbita na wa Nyakach wangeweza kujiuliza, ikiwa wangeisoma riwaya hiyo katika lugha inayowakaribia zaidi.

Sasa tutazame lugha yenyewe. Tuanze na chakula kikuu cha Wakorea. Mmea ulioko shambani huitwa byeo. Nafaka zilizokobolewa huitwa ssal. Na chakula kilichoivishwa huitwa bap. Kiingereza kina neno moja tu kwa haya yote matatu. Kiswahili kina mpunga, mchele na wali. Mkulima wa Ahero anayevuna mpunga katika uwanda wa Kano, mfanyabiashara anayenunua mchele, na mama anayepakua wali, wote wana maneno yao tayari, hata kama vijana wetu wa bara wana mazoea ya kuagiza “mchele” hotelini na kuletewa wali. Mtafsiri akitoka Kikorea kuja Kiswahili hapotezi kitu hapa. Akipitia Kiingereza, tofauti zote tatu zinamezwa na neno moja, kisha inambidi akisie ni ipi iliyokusudiwa.

Neno bap lina maana nyingine pia. Humaanisha mlo kwa jumla, kiasi kwamba Wakorea husalimiana kwa kuulizana iwapo mtu amekula bap. Huku kwetu, mtu aliyekula mkate, viazi na matunda bado husema hajala ikiwa hajaonja kuon, yaani ugali. Kinacholiwa pamoja na bap huitwa banchan. Kiingereza hukiita chakula cha pembeni, kana kwamba ni nyongeza isiyokuwa na haja. Kiswahili kina kitoweo, neno linalofafanua barabara uhusiano uliopo: kimoja hushibisha na kingine hukifanya kilike. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kula ugali na osuga au apoth, mboga ambazo Kiswahili huziita mnavu na mlenda, ameshaelewa mpango wa meza ya Kikorea kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Miongoni mwa vitoweo vya Wakorea kuna samaki wadogo wa baharini waitwao myeolchi. Huchemshwa katika maji ya chumvi, hukaushwa, kisha hukaangwa au kutumiwa kutengeneza mchuzi. Mtafsiri wa Kiingereza hana budi kutumia jina ambalo kwa wasomaji wake wengi huashiria samaki wa kopo. Mtafsiri wa Kiswahili ana neno dagaa. Dagaa wa Unguja ni jamaa wa karibu wa samaki hao wa Kikorea, nao pia huchemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa juani. Omena wetu wa ziwani ni wa jamii nyingine kabisa, lakini nafasi yao katika nyumba ni ileile: ni kitoweo cha siku za kawaida, kisichopikiwa mgeni mheshimiwa, na ambacho mtu akiwa ugenini hukitamani kuliko nyama. Hisia hiyo ndiyo inayobebwa na dagaa katika hadithi, na ndiyo inayopotea kwanza katika tafsiri.

Si kwamba Kiswahili kina jina la kila kitu. Kimchi haina jina kwetu, wala hatuna haja ya kuitungia. Iitwe kimchi, kama tunavyosema chapati na biriani bila kuona haya. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Wahindi walikuja na maneno yao ya jikoni, na leo hakuna anayeiona chapati kuwa neno la kigeni. Panapohitajika uangalifu ni katika maelezo. Kabichi ya kimchi hutiwa chumvi na viungo, mara nyingi pamoja na kamba au dagaa walioozeshwa kwa chumvi, na kuachwa iive yenyewe ndani ya chombo. Mtafsiri mzembe ataandika kwamba kabichi imechacha, na msomaji ataelewa kwamba imeharibika na yafaa kutupwa. Neno sahihi ni kuchachushwa, lilelile tunalolitumia kwa unga wa uji unaolazwa usiku kucha ili upate ukali wake. Silabi moja tu hutenganisha chakula na takataka. UNESCO iliiorodhesha kimjang, yaani kazi ya kutengeneza kimchi kwa ushirikiano kabla ya majira ya baridi, kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2013. Itakuwa aibu kuutafsiri urithi huo kwa neno la jalalani.

Tukitoka kwenye chungu na kuwatazama walioketi kukizunguka, mambo ni yaleyale. Mkorea humwita kaka mkubwa wa baba yake keun-abeoji, maana yake halisi ikiwa baba mkubwa, na mdogo wa baba yake jageun-abeoji, yaani baba mdogo. Ndugu wa kiume wa mama ana jina lake mbali, kama mjomba alivyo na lake. Kiingereza huwatia wote hawa katika kapu moja. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, kama vile sisi tunavyosema Mama Akinyi au Mama Otieno, na mara nyingi jina lake mwenyewe husahauliwa. Riwaya nyingi za Kikorea zimejengwa juu ya usahaulifu huo. Kwa Kiingereza jambo hili huonekana kama desturi ya ajabu ya watu wa mbali. Kwa Kiswahili ni habari ya jirani.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuficha ugumu uliopo. Vitenzi vya Kikorea hubadilisha miisho kulingana na heshima kati ya msemaji na msikilizaji, na Kiswahili hakina utaratibu kama huo katika kitenzi. Itambidi mtafsiri aitafute heshima hiyo katika maamkizi, katika majina ya ukoo na katika uteuzi wa maneno. Tena sentensi ya Kikorea mara nyingi huacha kumtaja mtendaji, ilhali kitenzi chetu hudai kiambishi cha mtendaji. Lakini kiambishi hicho hakibagui mwanamume na mwanamke. Pale ambapo mwandishi wa Kikorea ameficha jinsia ya mhusika kwa makusudi, Mwingereza hulazimika kuifichua. Mswahili huandika “alikuja” na siri ikabaki salama.

Kuna funzo jingine katika historia ya The Vegetarian. Baada ya tuzo ya mwaka 2016, wahakiki wa Korea waliilinganisha tafsiri na matini asilia, wakaonyesha makosa kadhaa. Mojawapo lilitokana na kuchanganywa kwa maneno bal, yaani mguu, na pal, yaani mkono. Tofauti yake ni pumzi tu: sauti ya kwanza ya neno la pili hutamkwa kwa mpumuo mkubwa. Tofauti ya namna hiyo si ngeni kwa Waswahili wa Mombasa. Katika Kimvita, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo ilhali paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo, na vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Siyasemi haya ili kumdharau Bi Smith. Ni yeye aliyeufungulia ulimwengu mlango wa kitabu hicho, na kanuni za tuzo ile zilimpa nusu ya fedha kwa haki. Nayasema ili tuone hatari ya kutafsiri tafsiri. Tukiichukua nakala ya Kiingereza na kuigeuza kwa Kiswahili, tutayarithi makosa yake yote, kisha tuyaongezee ya kwetu. Mkorea atasema mkono, nasi tutaandika mguu, na hapatakuwa na mtu wa kutusahihisha.

Huenda msomaji akauliza: haya yana faida gani kwetu? Jibu la kwanza limo katika historia ya fasihi yetu. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong’o alihudhuria kongamano kuhusu Korea jijini Tokyo. Alizisoma kazi za mshairi Kim Chi-ha, ambaye mwaka 1970 alitiwa nguvuni kwa sababu ya utenzi wa kejeli kuhusu majambazi watano, aliouandika kwa mtindo wa wasimulizi wa jadi wa Kikorea. Ngũgĩ mwenyewe alieleza jinsi kazi za mshairi huyo zilivyomsaidia kuona kwamba fasihi simulizi inaweza kubeba hoja za kisasa. Alipoandika Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotoka mwaka 1980 na kufuatwa na tafsiri ya Kiswahili Shetani Msalabani mwaka 1982, ndani yake mliwamo mashindano ya wezi. Korea nayo ilimtunuku Ngũgĩ tuzo ya Park Kyung-ni mwaka 2016. Kwa hiyo riwaya mojawapo kuu ya Kenya ina mkono wa Korea ndani yake. Ugeni huu si wa jana.

Jibu la pili liko karibu zaidi. Mwaka 1983 Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alichapisha riwaya yake Miaha kwa Dholuo. Mwaka 1989 ilitoka kwa Kiingereza kwa jina The Strange Bride, mtafsiri akiwa mwanaisimu Okoth Okombo. Hapa Kisumu, Asenath Bole Odaga aliendesha shirika la Lake Publishers na kuchapisha kwa Dholuo na kwa Kiingereza. Hizi zilikuwa kazi za kujivunia. Lakini fikiria safari ya Miaha: msomaji wa Lamu anayetaka kuijua hekaya ya jembe lililolima lenyewe, na bi harusi aliyeukiuka mwiko wake, huelekezwa kwenye Kiingereza. Ikiwa kutoka Asembo hadi Lamu tunapitia London, tutashangaaje kwamba Seoul nayo hutufikia kwa njia hiyohiyo? Zoezi la kutafsiri kutoka Kikorea litatufunza kutafsiriana sisi kwa sisi.

Watakuwapo wanaosema kwamba watafsiri hawapo. Nawakumbusha kwamba mjini Seoul kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Mafunzo ya Lugha za Kigeni, ambacho kina idara inayofundisha Kiswahili. Vijana wa Kikorea huketi darasani wakajifunza ngeli zetu, kazi ambayo hata wanafunzi wetu huilalamikia. Wao wamekwisha kuuvuka nusu ya mto. Ipo pia Taasisi ya Tafsiri ya Fasihi ya Korea, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa lengo la kusaidia tafsiri za fasihi yao katika lugha za ulimwengu. Linalohitajika ni idara zetu za Kiswahili kuandika barua na kupendekeza mradi.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakiuziki nje ya vitabu vya mtihani. Hoja hii ina ukweli, na kwa sababu hiyohiyo inatuhusu sisi walimu. Katika somo la Kiingereza, watahiniwa wetu wamesomeshwa tamthilia za Brecht wa Ujerumani na Ibsen wa Norway, watunzi ambao hawakuziandika kwa Kiingereza. Hakuna aliyelalamika kwamba ni tafsiri. Kiswahili nacho kina historia ya kujivunia: Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, Clement Ndulute akatupa Shujaa Okonkwo mwaka 1973, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliirudisha riwaya ya Abdulrazak Gurnah nyumbani kwa jina Peponi. Tatizo ni kwamba macho ya watafsiri wetu kwa muda mrefu yametazama vitabu vya Kiingereza zaidi, kana kwamba ulimwengu mwingine haukuandika.

Napendekeza tuanze na jambo dogo. Idara za Kiswahili na isimu katika vyuo vya Kisumu, Maseno na Bondo zishirikiane na Wakorea wanaojua Kiswahili kutafsiri mkusanyo mmoja wa hadithi fupi, kila hadithi ikishughulikiwa na watu wawili, Mkorea mmoja na Mkenya mmoja. Kabla ya kuanza, wanafunzi watumwe majumbani, Dunga na Ahero, Usenge na Homa Bay, wakusanye msamiati wa mapishi kutoka kwa mama zao: hatua za kukausha, kuchemsha, kuchachusha na kuunga, na majina ya vyungu vyake. Kazi hiyo itawafaa watafsiri. Itawafaa zaidi wanafunzi wenyewe, kwa maana wengi wao leo wanaweza kutaja viungo vya kimchi kimoja baada ya kingine lakini hawajui jina la Kiswahili la mboga waliyokula utotoni.

Namalizia na yule mama wa riwaya ya Shin Kyung-sook. Binti yake mkubwa ni mwandishi wa vitabu, lakini mama hajui kusoma. Analificha jambo hilo kwa aibu, na inambidi amwombe mtu mwingine amsomee kitabu cha mwanawe mwenyewe. Kando ya ziwa letu wapo akina mama wengi ambao wanasoma vizuri. Husoma Biblia, husoma gazeti hili, husoma barua za shule za watoto wao, na vyote hivyo huvisoma kwa Kiswahili au kwa Dholuo. Riwaya ya Kiingereza hawaigusi. Wanaye binti au mwana chuoni ambaye amelia machozi akisoma habari za mama mmoja wa Korea, jiko lake na mitungi yake, na hawezi kumpa mamake kitabu hicho. Mwalimu anayeniuliza kwa nini tujisumbue kuileta Seoul kwa Kiswahili, namwomba amfikirie mzazi huyo kwanza, kisha tuketi tupange kazi.